Fundi Alipwe kwa Kusikiliza

Huku Kaptagat gari huanza kugonga mapema. Lami ya kutoka Eldoret kupitia Naiberi haina lawama kubwa, lakini riziki ya watu haiko kwenye lami. Iko kwenye njia za udongo mwekundu zinazoingia mashambani, kwenye maboma ya ng'ombe wa maziwa, kwenye mashamba ya viazi, na kwenye vijia vya kando ya msitu ambavyo malori ya magogo yamevichimba mitaro miwili sambamba. Mvua ya masika ikishika, mitaro hujaa maji na dereva hajui tena kina cha shimo lililo mbele yake. Kufika Agosti, simama karibu na tuta la senta yoyote usikilize Probox zikivuka na abiria wake na mitungi yake ya maziwa: ko, ko, chini ya gurudumu la mbele, kisha ko nyingine gari linaposhuka tuta.

Naizungumzia kelele hiyo kwa uzito kwa sababu inakula pesa za watu ambao hawana za kupoteza, na siku nyingine hula watu wenyewe. Desturi yetu si kuitafuta inakotoka. Desturi yetu ni kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine mpaka ikome, au mpaka mwenye gari achoke. Wenye magari hupenda kusema kwamba mafundi hawajui kazi. Mimi naamini tatizo liko kwenye malipo. Tunamlipa fundi kwa kufungua na kufunga, hatumlipi hata kidogo kwa kutafuta, kisha tunashangaa kwamba hatafuti.

Jirani yangu mmoja hukusanya maziwa alfajiri kwa Probox. Msimu wa mvua uliopita gari lilianza kugonga mbele upande wa kushoto. Fundi wa kwanza aliibonyeza pembe ya boneti kwa mikono miwili, akaiachia, gari likayumba mara mbili tatu, akasema, "Mama, hizi shoki zimeisha." Jirani akanunua jozi mpya. Kelele ikabaki. Fundi wa pili akasema ni linki za stabilaiza. Zikang'olewa, zikawekwa nyingine. Kelele ikabaki. Wa tatu akaushusha mkono wa chini wa gurudumu pamoja na bushi zake na boljointi yake, akafunga mwingine. Sasa gari lilitulia barabarani kuliko lilivyotulia siku liliponunuliwa, na bado likawa linagonga.

Aliyeimaliza kazi hiyo ni mzee anayefanyia kazi chini ya paa la mabati lisilo na ukuta hata mmoja. Hakushika spana. Aliuliza. Linagonga likiwa tupu au likiwa na mitungi? Asubuhi kukiwa na baridi, au hata mchana? Ni kwenye shimo kubwa, au kwenye vijiwe vidogo vidogo vinavyofuatana? Usukani ukiwa umenyooka au umekatwa? Kisha akakaa kiti cha abiria, akamwomba aendeshe polepole kwenye kipande cha barabara chenye mawimbi, na katikati ya kelele akamwambia, "Sasa Mama, gusa breki kidogo tu, usisimame." Kelele ikanyamaza. "Achilia." Ikarudi. "Gusa tena." Ikanyamaza.

Tatizo halikuwa shoki, wala linki, wala mkono. Ilikuwa kalipa ya breki. Kalipa hutelezea juu ya pini mbili zinazokaa ndani ya grisi, zikifunikwa na vipira. Kipira kikipasuka, matope huingia, maji huiosha grisi, pini hulika, na kalipa nzima hupata nafasi ya kurukaruka kwenye kila kijiwe. Mguu ukigusa breki, pedi huibana diski na kalipa hukosa pa kuchezea; ndiyo maana ilinyamaza. Dawa ikawa pini mpya, vipira vyake, na grisi inayostahimili joto la breki. Yule mzee alilipwa kidogo kuliko wote watatu waliomtangulia. Hilo ndilo linalonikera hata leo. Waliokisia walilipwa vizuri, kila mmoja kwa kipuri alichokiondoa, na aliyejua alilipwa ujira wa kubadilisha pini mbili.

Si kwamba wale watatu walikuwa matapeli. Kelele ya mbele hudanganya, na inafaa kueleza kwa nini. Magari mengi madogo tunayoendesha yana mpangilio uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ukaanza kuonekana kwenye magari ya Ford ya Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1940. Shoki na springi huwa nguzo moja inayosimama juu ya gurudumu na kushikwa na bodi ya gari kwa maunti ya juu. Chini, gurudumu hushikwa na mkono mmoja wenye bushi mbili na boljointi. Ni mpangilio wa bei nafuu, mwepesi, unaotosha mahali padogo, na ndiyo sababu umeenea duniani kote. Lakini nguzo ile imefungwa moja kwa moja kwenye bati la bodi, na bati ni bati. Mgongano wowote wa chini hupanda na kuenea, kwa hiyo dereva huusikia miguuni, kwenye usukani au nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hakuna kitu kibovu hata kimoja. Nimesikia kelele ya kushoto ikiapiwa kuwa ya kulia na watu wawili wenye masikio mazuri.

Wanariadha wa hapa wanalielewa jambo hili kuliko sisi wenye magari. Katika kambi ya Global Sports Communication, ambamo Eliud Kipchoge alifanya mazoezi miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, mkimbiaji akilalamikia goti hakuna anayeanza kwa kulitibu goti. Mtaalamu wa viungo humlaza, hupima nyonga, hupima kifundo cha mguu, humuuliza maumivu huja kilomita ya ngapi, kwenye mlima au kwenye mteremko. Goti mara nyingi hulipa deni la nyonga. Ni mtaa huu huu, na baadhi ya wakimbiaji hao hao wanamiliki magari hayo hayo, lakini gari likiumwa goti tunalikata goti.

Basi kuuliza kukoje? Kwanza kabisa, toa jeki, gurudumu la akiba na mitungi uendeshe gari likiwa tupu, kwa sababu kelele nyingine hazitoki kwenye mitambo. Halafu tafuta tuta. Livuke kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kisha livuke kwa gurudumu moja moja. Stabilaiza ni chuma kinachounganisha upande huu na ule, na kazi yake huanza pale upande mmoja unapopanda na mwingine ukabaki. Magurudumu yakipanda pamoja, chuma hicho huzunguka tu ndani ya bushi zake na linki hazilemewi. Kwa hiyo gari linalonyamaza kwenye tuta na kupayuka kwenye mashimo ya upande mmoja linakuelekeza kwenye linki au bushi za stabilaiza. Ukitaka uhakika, fungua linki zote mbili, zifunge kwa waya zisining'inie, uendeshe polepole sana mita mia mbili. Likinyamaza, umekamata mwizi. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana gerejini. Fundi huinua gurudumu moja kwa jeki, huitikisa linki kwa mkono, haichezi, husema ni nzima. Lakini gurudumu moja likiinuliwa, stabilaiza hujipinda na kuikaza linki. Hata iliyokufa huonekana hai. Linki hupimwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, au yote mawili ya mbele yakiwa hewani.

Kelele ya kukanyaga breki ni nyingine tena. Endesha polepole, ukanyage kwa nguvu. Ukisikia "du" moja nzito, kisha ukirudi nyuma na kukanyaga tena ukasikia nyingine, bushi ya nyuma ya mkono wa chini imechanika na mkono mzima unasogea mbele na nyuma. Kelele ya kukata kona ina namna mbili na watu huzichanganya. Gari likitembea usukani ukiwa umekatwa mwisho, likatoa ka-ka-ka inayoongeza kasi pamoja na magurudumu, hiyo ni sivi-jointi, na wala si ya mpangilio wa springi. Gari likiwa limesimama, ukizungusha usukani na kusikia springi ikijikaza kisha ikiruka, maunti ya juu imeshika. Mtu mmoja azungushe, mwingine aweke kiganja juu ya springi. Mkono huhisi mruko huo kabla ya sikio.

Kiganja, kwa kweli, ndicho chombo ambacho mafundi wetu wanacho na wanakitumia kidogo. Tairodi na reki za usukani hupimwa hivyo hivyo: injini imezimwa, mtu mmoja anautikisa usukani kidogo kushoto na kulia bila kuukata, mwingine yuko chini akishika kiungio kimoja baada ya kingine. Kiungio kizima husogea chote kwa pamoja, na kile kilicholika hugonga ndani ya ngumi yako. Kile cha ndani kimefichwa na mpira wa reki, kwa hiyo uuminye mpira huo mpaka ukihisi.

Hata baridi ni kipimo: huku juu, mita kama 2,400 kutoka usawa wa bahari, alfajiri huwa ya baridi kali na mpira mzee huwa mgumu. Gari linalogonga saa kumi na mbili asubuhi na kunyamaza saa nne linakuambia habari ya bushi. Yule mzee aliuliza kuhusu baridi kwa sababu hiyo.

Kuhusu kubonyeza boneti, mwenye gari asidanganyike nako. Kipimo kile huonyesha kama shoki bado inazuia gari kuyumba, jambo jema kulijua, lakini hakisemi neno lolote kuhusu kugonga. Shoki inaweza kuwa imechoka isigonge. Shoki mpya pia inaweza kugonga vibaya sana ikiwa nati ya juu haikukazwa sawasawa, na hapo ndipo kukisia kunapozaa maradhi mapya: umebadilisha kitu kizima, ukakifunga vibaya, sasa una kelele mbili na fundi anayefuata hawezi kujua ipi ilitangulia.

Kuna dhambi moja ya ufungaji ningependa kila mwenye gari aijue, kwa sababu inafanyika mbele ya macho yake. Bushi za mkono wa chini ni mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili, hazizunguki, hujipinda. Fundi akikaza bolti zake gurudumu likiwa linaning'inia, bushi hufungwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira tayari umejipinda kabla hata halijaondoka, na kila shimo huongeza mpindo juu ya mpindo. Bushi ambayo ingeishi miaka huchanika mapema. Bolti hizo ziachwe legelege, gari lishushwe lisimame kwa uzito wake, kisha ndipo zikazwe. Ni dakika chache tu za ziada. Tunalaumu vipuri vya bandia kila siku, na vipo vingi, lakini baadhi ya vipuri tunavyovilaani vilikuwa halisi na viliuawa na spana.

Sasa niseme kuhusu boljointi, kwa sababu hapa habari si ya pesa tena. Linki ikikatika, gari hulala zaidi kwenye kona na kupiga kelele, lakini litakufikisha nyumbani. Boljointi ikichomoka, gurudumu hukosa kinachoushika upande wake wa chini. Hulala nje, gari hukaa kwa tumbo, na usukani hugeuka pambo. Nayo hutoa onyo kwa kelele ile ile ya ko ko ambayo dereva ameizoea tangu Aprili na kuifunika kwa redio. Kuipima si kazi kubwa. Inua gurudumu, uweke stendi au kigogo imara kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa, shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi ya gurudumu ndiyo mbovu. Ukibaki, ni boljointi, na mtaimbo ukiinuliwa polepole chini ya mkono utakuonyesha pengo kwa macho.

Barabara za Kaptagat hazina watu wa ndani ya magari peke yao. Kabla jua halijatoka makundi ya wakimbiaji huwa tayari yako kando ya njia, na nyuma yao wanafunzi wenye mabegi. Probox ya maziwa hupita hatua chache kutoka kwao. Au teremka kutoka Nyaru kuelekea Kimwarer: unashuka zaidi ya mita elfu moja kwenda Bonde la Kerio, kona juu ya kona, magurudumu ya mbele yakibeba uzito wa gari na wa breki kwa pamoja. Simjui dereva mwenye akili timamu ambaye angekubali kushuka huko kwa kiungio anachojua kimelika. Wengi hushuka kwa sababu hakuna aliyewapimia.

Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka, nami siudharau ukaguzi huo. Lakini kati ya ukaguzi mmoja na mwingine kuna masika nzima. Magari haya pia huja kwetu yakiwa na maisha nyuma yao: Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, na Probox yenyewe Toyota iliileta mwaka 2002 kama gari la kampuni la kusambaza mizigo midogo katika miji ya Japani. Kwamba inastahimili Kaptagat kama inavyostahimili ni sifa kwake. Mipira yake haikuahidi hivyo.

Narudi kwa malipo, maana ndiyo kiini. Mteja huja gerejini na kuuliza swali moja: ni ngapi? Fundi akisema, "Nipe saa moja nilitafute tatizo, utanilipa saa hiyo hata nisipobadilisha kitu," mteja huondoka aende kwa yule anayesema ni shoki. Huyo wa pili ana jibu la haraka, na mahali pengi ana pia kitu kidogo kutoka kwa muuza spea kwa kila mteja anayempeleka. Sasa fundi mwaminifu afanye nini? Ana kodi ya kulipa na watoto wa shule. Tumemwekea soko ambamo kukisia ndiko kunakolisha familia, na kupima ni sadaka.

Eldoret ina vyuo vya ufundi vya kutosha, na vijana wao wanafundishwa vipimo vyote nilivyovieleza na vingine zaidi. Wengi wa waliojifunzia chini ya mti wanavijua vilevile, na mitihani ya daraja ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, iko wazi kwao wakitaka karatasi ya kuthibitisha. Ujuzi si haba. Lakini kijana anayetoka chuoni na kukuta kwamba kipimo hakina bei atakiacha kipimo ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo nawaambia wenye magari wenzangu: kubalini bei ya kutafuta, iwe mbali na bei ya kufunga. Mwambieni fundi mapema, nitakulipa hata ukiniambia gari ni zima. Msinunue kipuri kabla hamjaonyeshwa kile cha zamani kikicheza, kwa mkono wenu au kwa macho yenu. Mkikibadilisha, chukueni kibovu mwende nacho nyumbani. Fundi anayekasirikia masharti haya si wenu.

Na vyama vya ushirika vya maziwa na sako za magari ya abiria vina uwezo ambao mtu mmoja hana. Shimo la ukaguzi lenye kuta za mawe, stendi nne, mtaimbo, taa nzuri na fundi mmoja anayelipwa kwa siku, si kwa kipuri, haviwezi kuzishinda pesa ambazo wanachama humwaga kila mwaka kwa shoki wasizohitaji. Aandike kwenye daftari tarehe, namba ya gari, upande, na alichokihisi mkononi, ili mvua ijayo aweze kulinganisha. Ningeanza na magari ya maziwa, kwa sababu hayo hupita njia mbovu kuliko zote na hupita gizani, na ningeanza na boljointi na tairodi kabla ya kitu kingine chochote. Linki zinaweza kungoja wiki ya pili.